Nilitafuta Kliniki Isiyo na Mkenya

Kama majuzi umeona vile vistari viwili kwenye kipimo cha virusi vya Ukimwi, na bado hujui umpigie nani simu, haya nimekuandikia wewe. Sitakueleza jinsi virusi vinavyofanya kazi ndani ya damu. Hayo utaelezwa na daktari, tena kwa picha za rangi. Mimi nitakueleza hofu, kwa sababu hofu ndiyo iliyokaribia kuniua, na ugonjwa ulikuwa ukiisaidia tu.

Naitwa Mutua. Nimeishi Plano, kando ya Dallas, Texas, miaka kumi na minne. Kazi inayonilisha ni ya ofisini, naandika miongozo ya kutumia programu za kompyuta, na nikitoka huko naandika hadithi za Kiswahili. Vitabu vyangu viwili vilichapishwa Nairobi. Lakini Wakenya wa Dallas hawanijui kwa vitabu, wananijua kwa wasifu wa marehemu. Mtu wetu akifariki huku, kabla mwili haujasafirishwa nyumbani huwa kuna ibada, na kwenye ibada hugawiwa kijitabu chenye picha yake na historia ya maisha yake: kuzaliwa, shule, ndoa, kazi, ugonjwa. Mwandishi wa historia hizo nilikuwa mimi. Nimeandika zaidi ya arobaini. Sehemu ya ugonjwa huwa sentensi moja, kwamba aliugua kwa muda mfupi akaitwa na Mola. Baadhi ya hao niliwajua, na walikuwa wameugua miaka mingi.

Mimi pia ni mwanamume anayependa wanaume. Hilo sikuwa nimeliandika popote. Katika hadithi zangu, kila niliyempenda nilimpa jina la mwanamke nikamvalisha gauni, na wasomaji wakaniandikia kunisifu kwamba nawaelewa sana wanawake.

Kikohozi kilianza Machi, msimu wa chavua, wakati Dallas nzima inapopiga chafya na magari yanageuka rangi ya manjano. Nikajiambia ni chavua. Aprili mshipi wangu ulihitaji tundu jipya, nikalitoboa kwa msumari. Kanisani akina mama walinisifu, wakataka kujua naenda gym gani. Mei ulimi wangu ulifunikwa na utando mweupe na chai ikawa na ladha ya chuma. Ofisini nilianza kupanda lifti kwenda ghorofa ya pili, na nikifika nilijifanya nasoma matangazo ukutani hadi pumzi irudi.

Aliyenishtukia ni Mwende, dada yangu. Amenizidi miaka sita, na mama alipokuwa akishinda sokoni yeye ndiye aliyekuwa akiniosha na kunipeleka shule. Ndiye aliyenileta Marekani. Ni nesi Houston, anaishi Katy, nje kidogo ya mji, na mume wake na watoto watatu, na ni mzee wa kanisa. Alinipigia simu akitoka kazini.

"Mutua, unapanda ngazi?"

"Nimekaa."

"Mbona unahema hivyo? Uko sure umekaa?"

"Ni allergies."

"Allergies gani za miezi mitatu? Enda hospitali. Usinifanye nikuje huko."

Nikamwahidi nitaenda. Niseme wazi nilichokuwa nacho cha kupoteza. Wazazi wako mbali, mke sina, na mwanamume niliyempenda miaka mitatu alikuwa amehamia jimbo lingine. Nyumba pekee katika nchi hii ambayo naingia bila kubisha ni ya Mwende. Na Mwende, kijana mmoja wa kanisani kwao alipojulikana ana mpenzi wa kiume, alikuwa amesema mezani, akijipakulia wali, kwamba nyumbani kwake jambo hilo hapana. Alisema kwa upole kabisa. Mimi nikaomba chumvi.

Juni nilinunua kipimo cha virusi kwenye duka la dawa, nikalipia kwenye mashine ili keshia asinione. Vistari viwili vilitokea kabla dakika hazijaisha. Nilikaa ukingoni mwa bafu nikiwahesabu manesi wa Kikenya ninaowajua.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga wangu mkubwa, na nakuomba usiurudie. Hospitali ya Dallas isiyo na Mkenya mimi sijaiona. Kuna anayekupima presha, kuna anayekufutia kitanda, na mmoja wao lazima anasali na shangazi yako. Najua sheria inawafunga midomo. Lakini najua pia nyuso zetu, na uso hauna sheria. Kwa hiyo badala ya kukimbilia daktari, nilifungua tovuti za kliniki nikawa nasoma majina ya wafanyakazi kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Nikiona Wanjiru nafunga. Nikiona Otieno nafunga. Nikiona Mutuku, Mkamba mwenzangu, natoka jasho. Nilifanya hivyo wiki mbili na nusu, huku kifua kikizidi kubana. Mwishowe nikaipata moja, Houston, yenye akina Johnson, Nguyen na Ramirez. Nikaomba miadi, nikashukuru Mungu.

Niliendesha mwenyewe. Safari ya saa nne nilitumia karibu saba. Nilisimama kila penye kituo cha mafuta, nalaza kichwa kwenye usukani, kisha naendelea. Joto la Julai lilikuwa likipanda kutoka barabarani, nami nilivaa sweta. Mahali fulani katikati ya njia niliogopa hivi hasa: nitazimia, gari litapinduka, na polisi wakitafuta ndugu wa karibu watampigia Mwende, naye atasoma karatasi zilizoko kwenye kiti.

Nesi Johnson alikuwa mama mfupi mwenye miwani juu ya paji la uso. Alinibana kidole kwa kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni, akatazama namba, akabana kidole kingine, akatazama tena. Akauliza kwa Kiingereza nimekuja na nani. Kisha akashusha miwani akasoma jina langu.

"Mutua," akasema. "Wa Machakos ama wa Kitui?"

Nilitaka kuinuka nikimbie. Aliitwa Nyambura, wa Nyeri, na Johnson ni mume wake, Mmarekani wa Beaumont. Katika majina yote niliyosoma, hilo la kuolewa sikulifikiria hata kidogo.

"Ume-drive kutoka Plano na hii oxygen?" akauliza. "Hakuna hospitali huko?"

"Unasali wapi?" nikamwuliza.

"Ati?"

"Kanisa gani."

Alinielewa mara moja. Akavuta kiti akakaa karibu nami. "Mimi nafanya weekend shifts, kaka. Mungu mwenyewe ananijua kwa picha tu. Sasa niambie, nani anajua uko hapa?"

"Hakuna."

"Sasa niko mimi," akasema, akainua simu kuita gari la wagonjwa. Nilimsihi wasinipeleke hospitali anakofanya kazi dada yangu. Akakubali bila kuuliza kwa nini.

Nilikaa hospitalini siku kumi. Ilikuwa nimonia, ya aina inayowapata watu ambao kinga imewaisha, na namba yangu ya kinga ilikuwa ndogo kuliko saizi ya viatu vyangu. Daktari alisema neno Ukimwi akinitazama usoni, na nilimshukuru kwa kutonikwepa. Kuoga nilikalia kiti cha plastiki, na makalio yalikuwa yamekwisha kiasi kwamba kiti kiliumiza mifupa. Nilimwona kwenye kioo mzee mmoja mwenye masikio makubwa. Saa iliyokuwa mbaya zaidi ni saa tisa alasiri, jua likiwa limejaa chumbani na kila mtu akiendelea na shughuli zake. Hapo nilikuwa nashika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili hadi nesi aje, na akija namwambia sina shida.

Mwende alipiga simu siku ya nne. Niliondoa barakoa ya oksijeni nikamwambia niko Denver kikazi.

"Kuna baridi?"

"Kidogo."

"Mwezi wa saba?" akasema, kisha mtoto akamwita. Nilirudisha barakoa nikalia kwa mara ya kwanza.

Nyambura alikuwa akija wakati wa mapumziko yake na chupa ya uji wa wimbi. Hakuwahi kuniambia nimtumaini Mungu wala kwamba yote yatakuwa sawa. Alikuwa ananiambia, "Hii nusu. Nimalizie hii nusu niende kazi." Nikimaliza anaosha kikombe anaondoka. Yule mwanamume wangu wa zamani nilimpigia simu nikiwa hapohapo. Alikwenda kupimwa, akakutwa naye ana virusi. Tulilia wote, hatukulaumiana, na tangu siku hiyo hukumbushana kumeza vidonge.

Chupa ya kwanza ya dawa niliibandua lebo na kuiweka ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu, kiatu ndani ya sanduku, ingawa naishi peke yangu. Kila mwezi nilishuka Houston kutolewa damu. Septemba utando wa ulimi uliisha nikasikia tena ladha ya tangawizi. Oktoba nilipanda ngazi za ofisini polepole. Novemba mshipi ukarudi kwenye tundu lake la zamani.

Kwenye chumba cha kusubiri ndipo nilipokutana na mtu nitakayemwita Papa Amani. Jina si lake, na binti yake ameniruhusu kumwandika. Alikuwa Mkongomani wa Uvira, mjane, aliyekaa kwenye kambi ya wakimbizi miaka mingi kabla ya kuletwa Houston. Aliishi Alief, mtaa wa Houston, na kufanya kazi ya kupanga mizigo ghalani. Siku ya kwanza alinitazama nikitikisa goti.

"Weye uko Mukenya?"

"Ndiyo."

"Uko na woga?"

"Sana, Papa."

"Miye pia. Tukae pamoja basi."

Mwezi wa tatu wa kujuana kwetu nilimwambia kwamba napenda wanaume. Sijui kwa nini, labda nilichoka kumdanganya mtu aliyekuwa akinigawia karanga. Aliinuka akaenda kunywa maji, akabaki amesimama huko kwenye mashine ya maji mpaka jina lake lilipoitwa. Nikaenda nyumbani nikijua nimempoteza. Mwezi uliofuata nilimkuta ameweka koti kwenye kiti cha pembeni yake.

"Nilifikiri," akasema. "Mwezi muzima nilifikiri. Kama Mungu iko na shida na weye, atakuita yeye mwenyewe. Miye hakunituma. Kaa."

Januari daktari aliniambia virusi havionekani tena kwenye damu, na kwamba mtu aliye hivyo na anameza dawa zake hamwambukizi mpenzi wake. Nilimwomba arudie. Papa Amani alikuwa amefika hapo kabla yangu, na siku hiyo tulikula mishikaki kwenye mkahawa mmoja wa Alief, tukacheka kama wahuni. Kinga yangu ilikuwa bado inapanda kidogokidogo, lakini nilianza kufikiri kwamba huenda nitazeeka.

Kiangazi kilichofuata, ndugu zake Papa Amani walihamia Houston kutoka jimbo moja la kaskazini mwa Marekani. Watu kumi na mmoja, na mpaka wapate nyumba walifikia kwake. Wageni wa namna hiyo kwetu hawaulizwi wataondoka lini. Alinipigia simu mwezi Agosti, akanena kwa sauti ya chini.

"Nyumba imejaa, ndugu yangu. Hata chini ya kitanda kuna mutu. Dawa nitaficha wapi?"

"Weka kwenye gari."

"Gari ya Houston mwezi wa nane? Itaiva. Nimesimamisha kwanza. Wakienda nitaanza tena."

Nilimgombeza. Nilimwambia anajitafutia kifo. Akasema naam, naam, akabadilisha mazungumzo. Ningeweza kumwambia Nyambura, angejua la kufanya. Sikumwambia, kwa kuwa niliogopa kuwa mtu anayetoboa siri za wengine. Wageni walikaa mpaka Krismasi. Alipokuja kurudi kliniki aliletwa kwa kiti cha magurudumu, na Februari, barafu ikiwa imefunga barabara za Dallas nisiweze kumfikia, akafariki.

Neema, binti yake, ndiye aliyenipigia. Baba alikuwa amemwambia ana rafiki mwandishi.

"Utuandikie histoire yake," akasema. "Pa ugonjwa andika tu aliuguaka kidogo."

Nikaandika hivyo hivyo. Nikaenda Alief nikaisoma mbele ya jeneza, nikiwa nimevaa suti, sauti ikiwa imara, na watu wakalia. Baada ya ibada mmoja wa wale kumi na mmoja, mama mtu mzima, alinishika mkono. "Hatukujua alikuwa mugonjwa," akasema. "Tungelijua tungelimupikia. Tungelilala hata inje." Nilimshukuru nikatoka. Nilikaa garini nikaona aibu niliyokuwa sijawahi kuiona, hata kwenye vile vistari.

Mwezi mmoja baadaye nilirudi kwa Neema nikamwambia nataka kusema hadharani. Si siri ya baba yake, ni yangu. Yeye alizungumza na mchungaji wao, mchungaji akatupa ukumbi Jumamosi moja baada ya mazoezi ya kwaya. Nyambura akasema ataleta meza na vipimo. Ilibaki jambo moja. Nikishasema, kabla sijafika kwenye barabara kuu uso wangu ungekuwa kwenye simu za Waafrika wote wa Texas, kwa hiyo Mwende alipaswa kusikia kutoka kwangu.

Nilienda Katy Jumapili ya mwanzo wa Aprili. Alipika muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe ya kwetu. Watoto walipoinuka na mume wake kwenda kutazama mpira, nilimwambia yote mawili, la ugonjwa kwanza. Aliyejibu kwanza ni nesi aliye ndani yake.

"Uko undetectable? Virusi havionekani?"

"Mwaka sasa."

"Dawa gani?" Nikamtajia, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akakumbuka. "Denver."

"Nilikuwa hospitali. Hapa Houston."

"Umbali gani kutoka hapa?"

"Dakika arobaini."

Akapiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. "Dakika arobaini, Mutua. Mimi nauguza watoto wa watu, na wewe uko dakika arobaini."

La wanaume lilikuwa gumu zaidi. Aliinuka akaanza kuosha sufuria ambazo tayari zilikuwa safi. Akasema akiwa amenipa mgongo, "Mama asisikie." Nikasema sawa. "Na mimi sijui niseme nini," akaongeza. Nikamwambia asiseme kitu, ila Jumamosi ya wiki ya tatu nitakuwa Alief, nikisema haya mbele ya watu. Alinifungia chakula cha kubeba kama kawaida yake, akanisindikiza mpaka garini, akaniambia niendeshe pole. Nilifika Plano nikiimba. Mlango wa dada yangu ulikuwa bado wazi.

Wiki ile hakupiga simu, wala iliyofuata. Nilimtumia anwani ya ukumbi, nikaona ameisoma.

Jumamosi hiyo walikuja watu kama sitini, Wakongomani wengi na Wakenya wachache waliokaa nyuma. Nilisimama nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Naitwa Mutua," nikasema. "Nina virusi vya Ukimwi, nilikaribia kufa, na sasa mnaniona. Mimi pia ni mwanamume anayependa wanaume." Familia moja iliinuka ikatoka, viti vikikwaruza sakafu. Mzee mmoja akauliza nani aliniambukiza. Kisha mama mmoja wa mbele, mwenye mjukuu mapajani, akauliza kwa heshima kabisa, "Uko na dada? Anakuacha unagusa watoto yake?"

Nilichokuwa nacho ni wiki mbili za simu isiyolia.

"Mimi ndiye dada," sauti ikasema mlangoni.

Mwende alikuwa amevaa nguo za kazi, kitambulisho kikining'inia. Alipita katikati ya viti akanichukulia kipaza sauti bila kunitazama.

"Mimi ni nurse, miaka ishirini na mbili," akasema. "Hii ugonjwa nimeiuguza na hizi mikono. Najua kwa sahani haiingii. Kwa kijiko haiingii. Juzi huyu alikuja kwangu, akaniambia. Nikamfungia chakula, nikamwambia drive safe. Alafu nikarudi ndani nikachukua sahani yake nikatupa kwa takataka. Na kijiko. Nikafunga mfuko nikatoa nje haraka, watoto wasiniulize."

Jambo nililoliogopa miaka miwili, lililonifanya nipite hospitali zote za Dallas nikikaribia kufa, lilikuwa limeshanitokea, na mimi wakati huo niko barabarani naimba. Nilikasirika sana. Na nilikuwa hai, nimesimama pale pale.

"Mimi nimesoma, na niliogopa," Mwende akaendelea, sasa akilia. "Kwa hivyo muulizeni kila kitu. Hamwezi kumuumiza kuliko vile nimemuumiza." Akamgeukia yule mama. "Watoto wangu atawagusa. Ni uncle yao."

Kisha akanigeukia mimi, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni mwake, watu sitini wakisikiliza. "Jumapili utakuja kula?"

Nilimtazama machoni. Nilitaka aone kwamba nimeumia, na aliona. Nyuma yake yule mama alimpa jirani mjukuu, akaenda kwenye meza ya Nyambura, akanyoosha kidole apimwe.

"Nitakuja," nikasema. "Lakini sahani nitachagua mwenyewe."

Watu wakacheka. Mwende hakucheka. Alifuta uso kwa mkono wa nguo ya kazi, akaniambia nije mapema, watoto wameanza kuniulizia.